Kitabu Kilicholiwa na Mchwa

Enzi za Mwingereza, pale Chang'ombe, nilikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi. Kila alasiri wapangaji wenzangu walikaa uani kusuka ukili wa mikeka, nami niliwasomea. Kikiisha, naanza upya.

Mume wangu alikereka. "Kitabu gani hicho kisichokwisha?"

"Mbona ugali ni uleule na hujauchoka?"

Masika moja mchwa wakakitafuna, likabaki jalada. Mume wangu akacheka: "Haya, tumepumzika!"

Nikapandwa na hasira. Nikaketi mkekani mikono mitupu, nikaanza kukisoma kwa ghibu, neno kwa neno. Mara sauti yake ikafoka kutoka chumbani:

"Wewe! Umeruka pale mama mkwe anapoficha chungu!"

Vigelegele vya siku ile, hata harusini kwangu sikuvipata.