Kiangazi Kikuu

Kwa miaka minne nimekuwa nikiwafundisha Kiswahili watoto wa Waafrika Mashariki kila Jumamosi asubuhi, katika chumba cha chini cha kanisa moja huko Bowie, Marekani. Wengi wao wanakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Mimi ni Mtanzania, na nakiri kwamba nilikuwa na kiburi. Wazazi Wakenya walipochanganya ngeli nilitabasamu, na walijua kwa nini.

Mwaka jana kulikuwa na msichana wa miaka tisa aliyekuja na nyanyake. Bibi huyo alikuwa ametoka pwani ya kaskazini ya Kenya, sehemu za mashambani, kukaa na mwanawe kwa miezi michache. Alikuwa akiketi nyuma, kanga begani, akisikiliza bila kuingilia.

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki nyingi na nyasi za mtaani zilikuwa zimegeuka rangi ya katoni. Basi nikaona nifundishe maneno ya hali ya hewa. Nikaandika ubaoni: ukame. Bibi akainua mkono kama mwanafunzi.

"Sisi kwetu twaita kiangazi," alisema. "Mwaka wa kiangazi kikuu, nami nikiwa kama huyu mjukuu wangu..."

Siku hiyo wazazi watatu walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja wao mhadhiri wa chuo kikuu. Nilitaka anione ninavyojua kazi yangu. Nikamkatiza bibi. Nilisema kwa upole, na huo upole ndio unaoniumiza zaidi: "Hapana, bibi. Kiangazi ni majira ya joto, kama sasa shule zikiwa zimefungwa. Mvua ikikosekana ni ukame." Kisha nikawaambia watoto warudie, nao wakarudia kwa sauti kubwa. Wawili wakacheka. Bibi akateremsha mkono.

Ukweli ni kwamba neno hilo nilikuwa nalijua. Bibi yangu mzaa mama alilitumia vivyo hivyo, kwa miaka ambayo mtama uliungua shambani.

Jumamosi iliyofuata msichana alikuja peke yake, na iliyofuata vilevile. Ya tatu, baba yake alibaki baada ya darasa. Hakuja kulalamika, alitaka ushauri. Akanieleza kuwa binti yake ameanza kumsahihisha nyanyake nyumbani, mezani, kwenye gari, kila mahali, akisema mwalimu ndivyo alivyofundisha. Nyanya mwenyewe sasa haongei tena na mtoto. Anamtazama tu na kumwitikia "okei", neno la Kiingereza alilokuwa na hakika nalo. Na yeye baba alikuwa amemleta mama yake kutoka mbali kote huko ili mtoto apate lugha.

Nikamwomba ruhusa niende kwao.

Nilienda Jumapili mchana. Bibi alikuwa jikoni akichambua mchicha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanivutia kiti. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi kuhusu lahaja na Kiswahili sanifu, lakini yote yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba nilimkosea mbele ya watoto, na kwamba neno lake lilikuwa sahihi.

Hakuacha kuchambua. "Neno hilo ulikuwa walijua?" aliuliza.

"Nilikuwa nalijua, bibi."

Akatenga shina moja kando. "Ungesema hukulijua, ingekuwa nafuu."

Alinipa chai na akaniuliza habari za wazazi wangu. Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni, akaniambia yamekwisha. Nilijua amenisamehe kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Jumamosi nikawaambia watoto kwamba nilikosea, na kwamba nilikosea makusudi. Waliduwaa. Msichana yule akauliza kwa Kiingereza kama sasa anaruhusiwa kusema kiangazi. Nikamwambia amuulize nyanyake, na asimkatize kama nilivyomkatiza mimi.

Bibi hakurudi darasani. Alisafiri kwenda kwao kabla ya baridi kuingia. Lakini wiki chache baada ya hapo, zamu ya msichana ilipofika ya kusimulia kisa cha nyumbani, alisimama akaeleza, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, jinsi nyanyake, akiwa mtoto mwaka wa kiangazi kikuu, alivyotembea siku mbili na mama yake kutafuta maji, akimbeba mdogo wake mgongoni. Siku ya pili aliona mtoto amekuwa mzito, akadhani amelala. Mama yake ndiye aliyemfungua kutoka kwenye kanga, akamkuta hapumui.

Hicho ndicho bibi alichokuwa ameanza kutueleza, mkono ukiwa juu. Msichana alikosea ngeli mara mbili tatu, nami nikamwacha aendelee.