Watalala Wapi Ng'ombe wa Shangazi

Mwezi uliopita tulikaa Ipogolo kupokea mahari ya mjukuu wangu. Sebule ilijaa, soda zikapita, mshenga akasimama na koti lake jeusi akaanza kutaja ng'ombe, na kila alipotaja akaweka bahasha mezani. Ng'ombe wa baba, bahasha. Ng'ombe wa mama, bahasha. Mimi na uzee wangu huu, maneno yakanitoka: "Na watalala wapi?" Weee! Watu walicheka mpaka kijana muoaji akajifuta machozi. Bibi anachekesha huyu, wakasema. Mwenzangu, sikuwa nachekesha. Swali hilo hilo liliwahi kuulizwa kwetu, hapo hapo chini ya mji, nikiwa mtoto, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo. Mama yangu alikuwa amefariki, baba yuko mbali kwenye mashamba ya mkonge, nami nililelewa na bibi mzaa baba, mjane. Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: Bibi, mimi, na shangazi yangu, kitinda mimba wake. Na ng'ombe, maana pale ng'ombe walihesabika kama watu. Walikuwa machotara. Babu enzi zake alifanya kazi kwa mzungu mwenye shamba, akaruhusiwa kupandisha majike yake kwa dume la pale. Walikuwa na viwele vya kujaza ndoo, lakini walideka, loh! Jua likizidi kidogo wanahema, kupe wakiwaingia wanalala chini. Bibi aliwasemesha kuliko alivyotusemesha sisi.

Nikifumba macho nasikia bado maziwa yakigonga ndoo alfajiri, chwaa, chwaa. Shangazi anakamua, mimi nimeshika ndama anayenivuta huku na huku akimtaka mama yake. Vibuyu tulivifukiza kwa vijinga vya moto mpaka vikanukia moshi ndani. Kisha safari ya kupanda kilima kwenda Iringa mjini, ukungu wa Ruaha Mdogo umebaki nyuma yetu, Shangazi mbele na kibuyu chake kichwani, mikono inaning'inia, mdomo haufungi. "Tembea wewe, maziwa yatakuwa mtindi hujafika!" ananiambia, na mimi nimeshikilia kidumu changu kwa mikono miwili, nahema. Mteja wetu alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye hoteli ya chai, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alionja kwa kijiko, akatikisa kichwa: "Mashallah. Mwambieni mama, chai yangu bila moshi wake hainyweki." Halafu kila mmoja wetu kitumbua cha moto. Nimekula vitumbua vingi tangu wakati ule, na bado navitaja vile vya kwake.

Maziwa yale ndiyo yaliyotuvisha, ndiyo yaliyotununulia chumvi na kunipeleka shule. Ndiyo maana mwaka mmoja jirani yetu aliponunua dume mnadani, akalileta nyumbani na kulichanganya na ng'ombe wake, wakanywa maji na wetu kwenye kijito kimoja, tulikuja kulia sote. Kwanza dume lilichechemea. Tukadhani ni safari. Kisha ng'ombe wetu mmoja akasimama malishoni hali majani, udenda unamtiririka mpaka kwenye nyasi, anautafuna mdomo mtupu. Ulikuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Ndimi zikachubuka, kwato zikaoza kwenye maungio, chuchu zikafanya malengelenge hata Shangazi akizigusa ng'ombe anampiga teke. Maziwa yalikauka. Ndama ndio waliokufa, mmoja baada ya mwingine, wengine bila hata kuugua, anaruka asubuhi, jioni yuko chini. Bibi aliwazika mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mwenye hoteli akanunua maziwa kwingine, asilaumiwe, chai haingoji. Tulikula ugali kwa chumvi na shule nikakaa nje mpaka masika yakaisha.

Bwana mifugo alipokuja, alituambia jambo ambalo Bibi alilishika kama amri ya kanisani: ng'ombe mgeni asilale na wenyeji. Akae peke yake wiki mbili, hata tatu, na mtu wake wa kumchunga, na maji yake. Na miguu ya watu ioshwe, maana ugonjwa hupanda hata kwenye matope ya unyayo. Kuanzia hapo kwetu langoni kukawa na beseni la maji ya magadi. Ukija kusalimia, kamwene, vizuri, karibu, lakini kanyaga kwanza humu. Majirani walinuna. "Tumekuwa najisi sisi?" aliuliza yule jirani wa dume, na Bibi akamjibu bila kucheka, "Wewe hapana. Miguu yako." Miezi ikapita hakuja kwetu hata kuomba moto.

Basi katika hali hiyo ndipo Shangazi akapata mchumba. Alikuwa kijana seremala kutoka ng'ambo ya mto, mpole, ana meno yenye mwanya. Shangazi alimpenda, hakujificha. Tukipanda kilima alinieleza kitanda atakachochongewa, na mapazia, na kwamba nitakwenda kukaa naye likizo. Alikuwa ameshaanza kunifundisha kukamua. "Nani atamkamulia Bibi?" alisema. "Jifunze, vidole vyako kama vya mzee." Bibi naye aliridhika. Lakini zikaja habari kwamba ugonjwa umeonekana tena, vijiji vya mbali upande ule ule wa mto. Kwa kina seremala hakukuwa na ng'ombe mgonjwa, na serikali haikuzuia mifugo yao kutoka. Hata hivyo Bibi aliwaita vijana, wakajenga zizi dogo la miiba ng'ambo ya kijito. Shangazi alilitazama lile zizi, akaacha kuniambia habari za mapazia.

Lazima nikueleze ilivyokuwa, maana leo haieleweki. Kwetu ng'ombe wa mahari akifika anaingia zizini siku hiyo hiyo, kwa vigelegele, analala ubavu kwa ubavu na ng'ombe wa nyumbani. Hapo ndipo ukoo umepokea ukoo. Miti ya lango ikirudishwa, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unamiminwa, na binti ni wao.

Walifika mchana umeanza kupoa. Mshenga mbele na fimbo, nyuma yake ng'ombe, wazuri, wanene, wameoshwa. Walikanyaga magadi bila kusema kitu, nikashukuru. Wanawake wakapiga vigelegele. Mshenga akawaelekeza ng'ombe langoni, na Bibi akasimama mbele ya lango.

"Wakwe zangu, karibuni sana. Hawa ng'ombe wetu watalala kule."

"Watalala wapi, mama?"

"Ng'ambo ya kijito. Wiki mbili tu. Kisha nawaingiza kwa mikono yangu."

Wazee wa ukoo wetu waliokuja kupokea wakamvuta pembeni. Mama, waingize, leo tu, usituaibishe. Bibi akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Dume la jirani nalo lilikuwa leo tu."

Mshenga hakuwa mtu mbaya. Aliongea taratibu, na ndiyo maana yaliuma. "Mama, na binti yako akija kwetu tumlaze porini wiki mbili, tumtazame kama ni mzima?"

"Mwanangu akiumwa atasema," Bibi alijibu. "Ng'ombe hasemi."

Mshenga alimtazama sana. Kisha akageuza fimbo, na ng'ombe wakageuka naye. Ulanzi ulibaki kwenye vibuyu haukuguswa. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimesukwa upya, zinang'aa mafuta, khanga mbili mpya. Hakulia. Aliangalia mpaka mkia wa ng'ombe wa mwisho ukapotea kwenye mahindi, halafu akavua ile khanga ya juu, akachukua ndoo, akaenda kukamua, kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa imefika.

Masuluhisho yalijaribiwa, yakashindikana. Seremala akaoa kwingine. Ugonjwa ulikuja kweli mwaka ule, ukapiga nyumba nyingi, kwetu haukuingia, na mwenye hoteli alinunua maziwa kwetu peke yetu. Wale ng'ombe wa mahari, wengine walisema waliugua walipofika kwao, wengine wakasema walikuwa wazima mpaka wakazeeka. Bibi hakuuliza. Shangazi naye hakuuliza, ila kilimani alipanda kimya, na mimi nyuma yake nilitamani anitanie japo mara moja.

Hakuolewa kamwe. Bibi alipofariki, ng'ombe wakawa wake, na nilipokuwa mwalimu nikamnunulia mtamba mzuri wa kumtuliza uzee. Nikamleta mwenyewe, nina furaha, nikaanza kuondoa miti ya lango. Shangazi akanishika mkono. Akamchukua mtamba kwa kamba akamvusha kijito, mpaka kwenye lile zizi la miiba, ambalo miaka yote hiyo alikuwa akiliziba mwenyewe. Akamfungia. Tukasimama pale, nikimwonea huruma.

"Hata mimi nisingewaingiza," alisema. "Mama hakunikosea. Mshenga naye, ukimsikiliza, hakunikosea. Sasa mimi nimlaumu nani?"

Shangazi amelala karibu na Bibi. Zizi letu sasa ni gereji ya malori, kijito kimebaki mfereji wa maji machafu, na maziwa tunayanunua dukani kwenye pakiti, hayana moshi wala jina la ng'ombe. Siku ile ya mahari, walipomaliza kunicheka, nilimwona mjukuu wangu kasimama mlangoni, nywele zimesukwa upya, naye anacheka. Bahasha zilikuwa zimeshaingia kwenye mkoba wa mama yake na lango lilikuwa wazi. Nikamwambia, cheka mwanangu, cheka sana, na yeye akadhani namtania.