Siku Tuliyoambiana Ukweli Hastings

Mjukuu wangu, ipo siku moja niliyokwenda Hastings, kule kusini mwa Uingereza, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nakusimulia kwa sababu jana uliketi hapa kwangu Vällingby, pembeni mwa Stockholm, ukatazama simu, ukaniambia kwa Kiswidi kwamba wewe na mchumba wako wa Malmö mmeachana. Kwa ujumbe wa simu! Nilikasirika, na bado nimekasirika kidogo.

Nilikuwa na umri wako huo. Nilikuwa muuguzi hapa Stockholm, na babu yako Musa alikuwa London. Alitaka nihamie kwake, mimi nikataka aje huku. Tulibishana kwa simu mwaka mzima hadi nikachoka, nikapanda ndege kwenda kumrudishia pete yake ya uchumba. Kufika, nikakuta watu wa kanisa lao wana safari ya siku moja kwenda Hastings, na Mama Atieno, mlezi wa vijana pale, ameshanitengea kiti kwenye basi. Hakuna aliyembishia Mama Atieno.

Basi tukaenda. Musa alikuwa amesoma habari za mji ule, akajifanya kiongozi wa msafara. Ile ngome iliyobomoka kule kilimani alitueleza ukuta mmoja mmoja, utadhani yeye ndiye fundi aliyeujenga. Kwenye vichochoro vya mji wa zamani akaeleza hata milango. Mimi hakuniangalia kabisa. Nami nikajifanya napenda sana milango.

Tuliposhuka ufukweni hapakuwa na mchanga, ni kokoto tupu, ukikanyaga mguu unazama na kuteleza. Mama Atieno, na ule mwili wake, Mungu amrehemu, akasimama akaita, "Nyinyi wawili, hebu njooni mnishike nisianguke mbele ya Wazungu."

Tukamshika, huyu huku na huyu kule, hadi karibu na maji. Akaketi, akafungua chipsi zake.

"Musa," akasema, "umetueleza kila jiwe la mji huu. Sasa mweleze mwenzako kinachokuuma. Na wewe binti, umetoka Stockholm kuja kuangalia milango? Semeni. Mimi nipo hapa nafukuza ndege."

Musa aliokota kokoto, akaitupa majini. Kisha akasema, "Naogopa. Huko kwenu sitakuwa na mtu yeyote ila wewe."

Mwaka mzima hakuwahi kuniambia hivyo, mwanangu! Nami nikamwambia naogopa kuacha kazi yangu nimfuate, halafu nije nimchukie. Nikalia. Naye akalia, ingawa mpaka leo anasema ulikuwa upepo wa bahari.

Hatukuafikiana siku ile, lakini nilirudi Stockholm na pete yangu kidoleni. Mwaka uliofuata akaja, na baridi ya kwanza ikamtia adabu.

Sikulazimishi uolewe na kijana huyo. Labda hakufai. Ila usimwache mtu kabla hujamtazama usoni ukamwambia unachokiogopa, naye akakwambia chake. Jumamosi panda treni uende Malmö. Ukirudi bila mchumba, nitakupikia na tutalia pamoja. Mimi ningemrudishia Musa pete bila kumsikiliza, mama yako asingezaliwa, na leo nisingekuwa na mjukuu wa kumgombeza.

Nenda, mpenzi wangu. Mungu akutangulie, akulainishie ulimi, na huko uendako ukute mtu wa kukusikiliza.