Aliulizwa Mama, Haikuulizwa Bastola

Krismasi iliyopita nilikwenda kijijini Kasansa kumwona baba, na nusura niunguze wali wa watu. Nilikuwa jikoni nimeinamia sufuria. Nje, watoto wa mdogo wangu walikuwa wamejazana kwenye simu ya kaka yao, yule anayesoma sekondari. Kwenye hiyo simu kulikuwa na Mzungu anafundisha namna ya kuchagua bastola ya kuwindia swala wa huko kwao, na kijana anawatafsiria wenzake kwa sauti. "Anasema usichague bastola kwa sababu inapendeza. Mwangalie kwanza mnyama mwenyewe. Risasi ikiwa ndogo na mnyama ni mkubwa, humuui, unamuumiza tu, anakwenda kufia mbali na nyama huioni."

Ala! Nikasimama na mwiko wangu mkononi. Maneno hayo, ndugu yangu, niliyasikia kwenye uwanja huohuo miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu. Aliyeyasema hakuwa Mzungu na hakuwa kwenye simu. Alikuwa mama yangu mzazi, na yalimtoa kwenye nyumba yake.

Nikiwa bado nimeduwaa, baba akakohoa kule kwenye kiti chake cha kamba, akawaambia watoto: "Hayo ya Mzungu hayo. Mimi siku yangu niliponzwa na mdomo wa mwanamke." Watoto wakacheka. Mimi damu ikanichemka. Nilichomjibu nitakuambia, lakini kwanza ujue ilikuwaje, maana hadithi hii imesimuliwa miaka mingi na watu wasiostahili kuisimulia.

Kasansa ya siku zile ilinukia mpunga. Kiangazi kikiingia, kila uwanja una mkeka wa mpunga unaoanikwa, na sisi watoto kazi yetu kufukuza kuku na mbuzi. Asubuhi unaamshwa na vinu, kinu cha kwetu na cha jirani vikipokezana, halafu kengele za ng'ombe wa Wasukuma wakipelekwa mtoni. Jirani yetu Msukuma alikuwa analeta maziwa kwenye kibuyu, mama anamjazia bakuli la mchele, wanacheka kidogo, siku inaanza. Kitoweo kilikuwa kambare wa kukausha kutoka ziwa Rukwa, au maharage, au kisamvu cha karanga ambacho mama alikichemsha mpaka kinalainika kabisa. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga zinazokaangwa namwona amechuchumaa, khanga kaifunga kifuani, anapuliza moto.

Nyama ilikuwa ya msimu, na ilikuja na gobore la baba. Alikuwa na kibali chake cha kuwindia, cha gobore hilohilo, na alilitunza kuliko baiskeli. Jioni alilifuta kwa mafuta ya nyonyo, sisi tunamletea vipande vya chuma tulivyookota vya kujazia. Harufu ya baruti ilikaa kwenye shati lake hata likifuliwa.

Na kwenye ukoo wetu, mtu akienda kuwinda, mke ndiye anayewindwa. Ndiyo, nasema hivyo na sirudi nyuma! Mume akiwa porini, mke hagombani na mtu, hampi jirani moto wala chumvi, hasuki nywele. Kubwa kuliko yote, asitamke jina la mnyama anayekwenda kutafutwa. Mwindaji akirudi na nyama, ni ushujaa wake. Akirudi mikono mitupu, au akirudi ameumia, wazee wanakaa uwanjani, mke anakalishwa chini katikati yao, na anaulizwa: umefanya nini nyuma yake? Anatakiwa aungame kitu, chochote, ndipo anawe kwa maji ya majani na mume apone. Mume yeye haulizwi kitu.

Mwaka huo wa darasa la tatu nilikuwa nipokee Komunyo ya kwanza. Mama alinishonea gauni jeupe kwa mkono, pindo lake akalifumua na kulirudia mpaka likakaa sawa. Baba naye alitangaza kijiji kizima kwamba wageni wangu watakula nyama ya kuro. Kuro ni swala mkubwa, mzito, mwenye manyoya marefu na duara jeupe makalioni. Sisi watoto tulisema amekalia chokaa mbichi. Dume lake lina pembe ndefu, na halikimbii ovyo. Sasa, sikukuu ikiwa imekaribia, gobore likavunjika kifyatulio. Mhunzi akasema lisubiri. Baba kusubiri hataki, keshajitangaza.

Hapo ndipo ilipoingia bastola. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mpunga kutoka Mpanda mjini, aliyekuwa akifikia kwa baba mkubwa, kaka yake baba, kila msimu wa kununua. Njia ya kupita porini ilikuwa na majambazi, kwa hiyo alitembea na silaha, na safari ile alikuwa nazo mbili. Akakubali kumwazima baba moja. Wakaziweka juu ya gunia la mpunga, mchana kweupe, wanaume wakasimama kuzitazama.

Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito, ya zamani, na risasi zake nene kama kidole gumba cha baba. Nyingine ndogo, bapa, inang'aa kama kijiko kipya, na risasi zake kama punje za maharage. Baba alianza na ile kubwa, akalenga kichuguu. Ilivyolia, mkono wake ukarushwa juu, kofia ikaanguka, na watu wakacheka. Akaijaribu ile ndogo, ikalia kidogo tu, mkono ukatulia. Akasema, "Hii ndiyo yangu." Mwenye mali mwenyewe akamwambia hiyo ni ya kutishia watu barabarani. Baba mkubwa akamwambia, mbele yetu wote, "Mdogo wangu, chukua ile nzito. Hiyo haiui mnyama mkubwa." Baba akajibu kwamba ndogo ina risasi nyingi. Achukue kubwa achekwe tena? Hapana. Bora ile inayong'aa.

Alfajiri ya kuondoka, jua linaanza kuchomoza, mama akasimama mlangoni na kata ya maji. Alikuwa ameikalia kimya habari ile tangu jana yake. Akasema taratibu, bila kelele: "Baba watoto, kuro si kanga. Kwa kidude hicho utamuumiza tu, aende kufia mbali. Ngoja gobore."

Bibi, mama yake baba, aliachia ungo ukaanguka, mchele wote chini. "Mwanamke wewe! Umemtaja!" Akashika kichwa kwa mikono miwili. Baba akatema mate pembeni, akapachika kidude chake kiunoni, akaondoka na baba mkubwa.

Yaliyotokea huko aliyasimulia baba mkubwa mwenyewe. Walimkuta dume kwenye matete karibu na mto, amesimama ubavu, karibu kabisa. Baba akapiga, akapiga, akapiga. Kuro akatikisa ngozi na kuingia kwenye majani marefu. Wakafuata damu. Ghafla mnyama akageuka kutoka kwenye majani, na pembe ikaingia kwenye paja la baba. Walirudi mchana, baba amekalishwa nyuma ya baiskeli, shuka limelowa. Mama ndiye aliyemshusha, ndiye aliyemfunga kidonda, ndiye aliyekwenda naye zahanati ya misheni na kulala naye huko. Yule kuro walikuja kuonyeshwa na tai baadaye, ameoza. Nyama yote ile, jamani!

Halafu wazee wakakaa. Mama akakalishwa chini, kwenye vumbi, hakupewa hata mkeka. Baba alilazwa kibarazani, anaona kila kitu na anasikia kila neno. Baba mkubwa alikaa na wazee, upande wa wanaouliza. Yeye! Aliyesema chukua ile nzito! Aliposema yeye ulikuwa ushauri wa kaka. Aliposema mama ilikuwa laana.

Wakamuuliza alichofanya. Nikiwa mlangoni kwa bibi nilimsikia akijibu kwa sauti ileile ya taratibu: "Niliyosema mliyasikia. Hata shemeji aliyasema. Mbona yeye haulizwi?"

Baba mkubwa akaangalia vidole vya miguu yake. Baba akageuza uso ukutani. Wala usidhani hawakujua. Walijua vizuri sana. Lakini kibali cha baba kilikuwa cha gobore, kuwinda kwa bastola ya mtu ni kufungwa, na mwenye bastola alishazichukua zote mbili na kurudi mjini akiomba asitajwe. Bastola ikawa haipo. Haikuwahi kuwepo! Kidonda kipo na bastola haipo, basi lazima apatikane mtu. Mama akaangushiwa jumba bovu hivyohivyo, mchana, watu wazima na akili zao wakitazama.

Mzee mmoja akamsihi aungame tu yaishe, anawe, arudi jikoni. Akakataa. Akasema, "Siwezi kuungama ukweli kama dhambi." Wakaamua arudishwe kwao Sitalike mpaka atakapokuwa na la kusema. Sisi watoto tukabaki, maana watoto ni wa ukoo.

Asubuhi alipoondoka, yule jirani Msukuma alikuja na kibuyu chake kama kawaida. Akamkuta mama amekaa juu ya sanduku la bati anasubiri lori la mpunga. Aliposikia habari aligeuka kwa wanaume waliokuwa uwanjani akasema kwa sauti, na Kiswahili chake cha kuvuta: "Nyie watu! Jembe likivunjika, nyie mnampiga aliyepika uji?" Akampa mama kibuyu kizima, hakutaka mchele. Mama alinivuta, akanitengenezea kola ya shati la shule, akasema nisisahau kupiga pasi gauni upande wa ndani. Kisha akapanda juu ya magunia na lori likaondoka.

Komunyo nilipokea. Bibi alinifunga shela, likakaa upande. Kanisani niliimba pamoja na wenzangu, na kila mlango ulipolia niligeuka nyuma, mpaka mwalimu wa dini akanigusa bega. Wageni walikula kambare na maharage. Bibi akawaambia wote kwamba nyama ilikuwepo ila mdomo uliponza kichwa, na wageni wakatikisa vichwa, wanatafuna. Msemo huo alinilisha kila siku mpaka nilipomaliza darasa la saba na kumfuata mama Sitalike. Mama hakurudi tena Kasansa. Baba alipona, akabaki akichechemea, na hadithi yake ikapona pamoja naye, ikanenepa.

Sasa turudi Krismasi. Nilitoka jikoni na mwiko wangu, nikasimama mbele ya kiti cha kamba.

"Baba, waambie wajukuu zako siku ile ulibeba nini."

Akaniangalia. "Bastola, si unajua."

"Zilikuwa mbili. Ulichukua ipi?"

Akapapasa paja lake. "Ile ndogo."

"Baba mkubwa alikwambiaje?"

"Nichukue kubwa."

"Na mama?"

"Alisema hivyohivyo."

Kajukuu kadogo ka mwisho, kalikopakata kuku, kakauliza, "Sasa bibi alikosa nini?" Wali ukaanza kunuka, nikarudi jikoni.

Nilirudi kwangu Mpanda nimejaa furaha, nakwambia kweli. Mama anaishi nami mtaa wa Kashaulili sasa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba anachagua mchele, na kabla sijatua mkoba nikamwambia: mama, amesema! Amekiri kwa mdomo wake!

Hakuinua uso. "Amesema mbele ya nani?"

"Mbele ya wajukuu."

"Wazee walikuwepo?"

Wazee gani? Nikaanza kuwahesabu moyoni. Baba mkubwa tumemzika, bibi tumemzika, yule mzee aliyemsihi aungame tumemzika, na yule jirani wa maziwa alihama na ng'ombe wake, sijui yuko wapi. Yule mwenye bastola hata jina lake silikumbuki. Gobore liliishia kwa mhunzi. Kuro siku hizi wako mbugani tu, na vijana wa Kasansa wanawaona kwenye simu. Vinu vimenyamaza, mashine imekuja. Hayo mengine nayalilia kama kila mtu anavyolilia utoto wake. Lakini baraza lile silililii. Kinachonichoma ni kwamba limekufa bila kumwomba radhi mama yangu, na hakuna baraza jingine la kumsafisha.

"Wamekwisha, mama," nikasema.

Akapepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Mimi walinihukumu mbele ya ukoo mzima. Yeye kakiri kwa watoto."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa, halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Nipeleke Kasansa kabla hajafa," akasema. "Nikae palepale waliponikalisha. Aseme nikiwa namwangalia."