Siku Tuliyopeleka Posa Tukilia

Nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa mtu mwingine: mimi ndiye niliyefanya ukoo wa mume wangu upeleke posa huku unabubujikwa machozi, na bibi harusi mtarajiwa akaliliwa msiba akiwa hai, yuko saluni anasukwa.

Ilikuwa 2017, hapa Johannesburg, majira ya baridi. Baba mkwe wangu (mwenyeji wa huku, alikaa Morogoro uhamishoni enzi za ubaguzi wa rangi, na Kiswahili chake kinanishinda mimi mzaliwa wa Tanga) ana kombi kuukuu ya safari, ile yenye kitanda, sinki na jiko humo humo ndani. Baridi ikiingia anailaza uani mpaka joto lirudi. Yeye alimwaga maji yote ya tangi na mabomba, maana yakiganda yanapasua kila kitu, akatoa mtungi wa gesi na betri, mimi nikaachiwa ndani: nikasugua friji nikaliacha wazi, nikasimamisha godoro, nikaziba madirisha ya nyuma kwa selotepu vumbi lisiingie. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu na heshima zangu.

Sasa, panya. Baridi iliyotangulia walitafuna mapazia yote, na mimi nilishasikia kwamba panya hapatani na pilipili. Nikaenda Mayfair kwenye duka la Msomali, nikanunua pilipili ya unga, ile kali, nikanyunyiza chini ya viti, halafu (hapa ndipo akili iliponitoka) nikamimina iliyobaki yote kwenye matundu ya hewa pale mbele, kwa kujiambia panya lazima wanapitia humo. Sikumwambia mtu.

Haukupita muda, ikafika siku ya kumposea shemeji yangu Sipho. Binti ni Esther, Mkongo, watu wa Bukavu, kwao Bellevue, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Kensington. Asubuhi hiyo baridi inakata masikio, gari tuliloazima likakataa kuwaka. "Eish, twende na kombi," akasema baba mkwe, akarudisha betri, akakaa mbele na Sipho, mimi na shangazi wawili wa mume wangu nyuma. Tumekaribia kabisa, shangazi mkubwa akalalamika miguu inaganda. Baba mkwe akawasha hita.

Jamani! Feni ilitapika wingu jekundu. Sipho akashusha kioo cha mbele, upepo ukatusukumia lote huku nyuma, na madirisha ya nyuma ndiyo hayo niliyoyaziba kwa mikono yangu. Nikajaribu kusema "pilipili," ikatoka "pii, pii," baba mkwe akadhani namwambia apige honi, akapiga. Tukaingia kwa wakwe hivyo hivyo, kwa honi.

Wenyeji wamevaa suti, muziki unalia. Wakatuona tunashuka tumeshikana mabega, machozi na kamasi. Muziki ukazimwa.

"Bandugu, kuko nini?" akauliza Papa Esther, baba wa binti.

Baba mkwe, ambaye hotuba yake aliifanyia mazoezi mpaka bafuni, akafungua mdomo: "Tumekuja... kwa ajili ya binti yenu... Esther..." Kikohozi kikamkaba, akajifunika uso kwa leso.

Mama Esther akaanguka chini. Esther alikuwa ametoka alfajiri na hajarudi! Wapangaji wa vyumba vyote wakatoka, mtu akaanzisha wimbo wa msiba, na shangazi mkubwa, asiyejua neno la Kiswahili, kuona watu wanalia naye akapandisha sauti. Sipho alikuwa analia pilipili tu, lakini kusikia vile akaanza kulia kweli: "Esther wangu!"

Nikapiga magoti. "Mama, ni pilipili."

"Ni nini ilimuua?"

"Pilipili, mama."

"Pilipili imeua mutoto wangu!"

Ndipo Esther akaingia getini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. "Mama, nani amekufa?"

Mama yake akamshika uso, akamshika mikono, kisha akageuka kutuangalia sisi. Ikabidi nieleze yote mbele ya ua mzima, na baba mkwe ndiyo kwanza anasikia. Hata kunigombeza hakunigombeza, alivua kofia tu akatazama chini, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Papa Esther hakuamini. Akaenda mwenyewe kwenye kombi, akaingiza kichwa, akakitoa macho yanachuruzika, akakaa ukingoni mwa barabara muda mrefu. Sipho akanong'ona, "Basi, nimemkosa."

"Muzee," hatimaye Papa Esther akamwambia baba mkwe, "batu bengi bamekuya hapa kuomba huyu mutoto. Hakuna hata moja aliyemulilia mbele ya kumuoa." Akaangua kicheko, muziki ukawashwa.

Mama Esther hakucheka. Harusi imepita, wajukuu wamekuja, na mpaka leo nikienda kwake ananisalimia vizuri lakini jikoni haniruhusu kuingia. Na mimi nimeapa: chochote nitakachotia kwenye gari la mtu, hata kama ni manukato, nitamwambia kwanza, tena mbele ya mashahidi.