Bibi Alivyomtuza Mpiga Kanuni

Juzi nilikwenda Wattaya, hapa Maskati kwenye maduka ya magari, na mwanangu kuchukua gari lake jipya. Tukakaa, tukapewa kahawa na halua, na kutoka spika ya darini ikatujia sauti ya kinanda cha kizamani cha Wazungu, kile ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa. Mwanangu akaniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia nimekumbuka pete ya bibi yangu. Akatikisa kichwa. Basi nikuhadithieni nyinyi, maana yeye ana haraka.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, Babu tumemwacha kaburini udongo haujakauka. Maskati tulipokewa na Ami Khalfan, binamu yake Baba, ambaye hakuwahi kuhama. Alitupa vyumba viwili vya nyuma na sharti moja: asisikie ngoma wala zumari. Siku zile muziki mjini ulikatazwa na wakubwa, ni jambo la kukufikisha pabaya, naye Ami hakutaka balaa mlangoni kwake. "Siku nitakayosikia, mtatafuta pa kulala," alisema, na sisi hatukuwa na pengine.

Naye Baba, jamani, katika vyote vya kuokoa aliokoa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sanduku la santuri! Alikuwa mwalimu, na katika chuo cha ualimu alipata maradhi ya muziki wa Wazungu wa kale. Ami akishakwenda dukani, Baba alifunga madirisha, akaifunika gramafoni kwa shuka, ikalia kama mtu mwenye mafua. Watungaji alinisimulia kama majirani: huyu padri wa Venisi mwenye nywele nyekundu, akiwafundisha fidla mayatima wa kike, yule Mjerumani wa kanisani mwenye watoto ishirini, aliyekwenda kwa miguu mji hadi mji kumsikiliza bingwa aliyemzidi akipiga kinanda. Muziki wenyewe, alisema, ulizaliwa Italia, watu walipochoka na sauti nyingi kugombana, wakataka mmoja aimbe maneno yasikike, na ala za sauti nzito zimshike kwa chini. Jina la muziki huo wanasema lilitokana na neno la Wareno, hao hao waliotuachia ngome mbili bandarini hapa Maskati, la lulu isiyo duara. Nilikuwa mtoto, nililoshika ni wale watoto ishirini. Niliwahurumia mama zao.

Bibi hakuwa akisikiliza. Tangu tufike alilala ameelekea ukutani, chakula anakionja tu, na akiulizwa hali husema, "Nnasubiri."

Siku moja Baba akaweka santuri ya Mjerumani, ya kinanda kile cha nyuzi za kudonolewa, peke yake. Nikamwona Bibi anageuka. Akakaa.

"Nani huyo? Ana mkono, wallahi! Kanuni nnaijua mie, lakini hii!"

Alidhani ni kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya kwenye taarabu, na mpigaji katoka Misri. Baba akafungua mdomo kumsahihisha, akaufumba. "Wa mbali zaidi, mama," akasema.

Mlango hatukuusikia. Ami Khalfan, aliyerudi kufuata ufunguo wa duka, alikuwa kizingitini, uso umemvimba. Baba akanyoosha mkono kuinua sindano.

"Wee, mwache amalize!" Bibi akamkemea. Kisha akamgeukia Ami. "Kaa kitako, mwanangu. Mpigaji hakatizwi."

Kwetu kweli hakatizwi. Na Bibi, ambaye kwa miezi hakuinuka bila kushikwa, akainuka. Akenda kwa madaha, mkono juu, kama alivyokuwa akenda kumtuza mpigaji harusini kule Unguja, akavua pete yake, akaiweka juu ya gramafoni. Alikuwa analia na anacheka. Mimi niliogopa, niseme kweli.

Ami akakaa. Santuri ilipokwisha aliitazama ile pete. "Dirisha la uani halijafungika vizuri," akasema, akenda kulifunga mwenyewe. Mchana ule Bibi aliomba wali.

Lile sanduku nililifungua Baba alipofariki. Juu walikuwa Wazungu wake, wamechakaa kwa sindano. Chini yao santuri za taarabu za kwetu, zinang'aa. Maskati haikupigwa hata moja. Utotoni nilimwona Baba anapenda vya watu kuliko vyetu. Kumbe vya kwetu vilikuwa na maneno, na Bibi aliyajua yote; kila moja lingemrudisha Unguja.