Pipa Yenye Tulipeleka Mitwaba

Bantu ba hii habari tulikuwa ine: mimi, bwana yangu Ilunga, Kabange mama yake, njo mukwe wangu, na Ngoie, dada mudogo wa Ilunga, mwenye alikuwa karibu kuolewa. Shofere wa kamyo aliitwa Mwamba, yeye hakuwa ndugu.

Wakati ule wa Babeleji mimi na Ilunga tulikaa Élisabethville. Mukwe wangu alituma neno toka Mitwaba, kwenye alikaa na Ngoie: ndoa inakaribia, pipa ya kupikia munkoyo, kinywaji ya mahindi ya ndoa, hakuna. Ilunga alitumika kwa patron mumoja mwenye kupakaa dawa ku vikombe vya udongo vya nguzo za umeme, mvua iteleze. Ile dawa iko wazi kama maji, lakini harufu yake inakata pua. Kila siku patron alipiga kelele: maji isikaribie! Tulizania anachunga mali yake isiharibike. Hakuna mwenye alituambia inaunguza bantu. Pipa moja ilipoisha, Ilunga aliiomba, akapewa.

Tulitoka asubui na kamyo, tukalala Jadotville. Kesho yake, mbele ya kufika ku mto Lufira, mvua ikatupiga. Ku kizibo ya pipa kukatoka kamoshi keupe, macho ikatuwasha.

“Mama, pipa yenu inavuta tumbako!” Mwamba akacheka.

“Acha ivute, safari iko mrefu,” Ilunga akajibu, akakaza kizibo. Na mimi nilicheka. Mungu anisamehe.

Mitwaba tulifika siku ya tatu, jua likishuka. Kwetu, kitu ya ndoa haiingie mu nyumba na vumbi ya njia: bibi-arusi mwenyewe anaisugua, wifi yake anamwanga maji. Ngoie akatoa kizibo, akainama na muchanga mu mikono.

“Mwanga basi, wifi! Bwana yangu atakufa na kiu!”

Nikamwanga ndoo nzima mu pipa. Mu chini mulibakia dawa kidogo tu. Pipa ikalia kama mafuta ya moto, moshi mweupe ukamupiga mu uso. Akaanguka, akikohoa, akishika macho.

“Maji! Munipe maji!”

Mukwe wangu alileta mutungi. Nikamunyanganya.

“Mama, hapana! Maji njo iliwasha hii moto!”

Tukamupakaa mawese, tukafunga macho na kitambaa kikavu. Alilia maji mpaka sauti ikakauka.

Usiku uliingia tukimubeba na machela mpaka kwa munganga wa misioni. Tukamuelezea habari ya pipa, akafungua kitambaa.

“Nani alikataza maji? Ile dawa ikikutana na maji kidogo inazaa asidi. Lakini jicho yenye asidi inaoshwa palepale, na maji mingi, bila kuacha.”

“Ni mimi,” nikasema.

Siku ya kurudi, bakwe ba Ngoie balikuwa bamekwisha kutafuta bibi mwingine. Nilimukuta ameketi ku kivuli ya nyumba, macho yote mbili nyeupe.

“Wifi, siku ile, maji ilikuwa hapo kweli?”

“Ilikuwa.”

Hakuniuliza tena. Mimi na Ilunga tukapanda kamyo, tukarudi Élisabethville.

Yenye nilijifunza ile siku kwa munganga haikuwa na kazi tena kwa macho ya Ngoie. Kama nimekosea jina ya muntu ao njia, wenye mungali bazima munisahihishe. Na kama kuna mumoja aliniona nikimupa Ngoie maji, hata kiganja kimoja, munisahihishe na hiyo.